Matairi Yaliyoombewa

Sifa ni za Mungu aliye hai, aliyeniamsha leo nikakuta ukungu bado umelala juu ya miti ya misindano na jiko la jirani tayari linafuka moshi. Amenipa miaka mingi kuliko nilivyoomba. Alinipa mke mwema, akanipa watoto wanaojitegemea, na akili yangu bado inakumbuka mambo kwa mpangilio wake. Ninaanza na shukrani kwa makusudi, kwa sababu ninayotaka kusimulia ni machungu, na nimewafundisha wengine kwa muda mrefu kwamba mtu asimwendee Mungu na malalamiko kabla hajamwambia asante. Asante nimeshasema. Sasa nisimulie.

Nilikuwa mwinjilisti wa kanisa letu upande huu wa Mafinga hadi nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa kuihudumia mitaa ya usharika iliyo mbali na lami, kwanza kwa baiskeli, baadaye kwa pikipiki. Njia za Mufindi wakati wa mvua nazijua. Kuna tope jekundu huko linalokushika mguu, ukiuchomoa kiatu kinabaki. Nimelala katika nyumba za watu mara nyingi kwa sababu tu mlima haukupandika. Lakini tulipostaafu, maana mke wangu naye alistaafu siku ile ile kumfulia mwinjilisti nguo za tope, tulijenga kando ya barabara kuu. Yeye ndiye aliyechagua kiwanja. Alisema amechoka kukaa mlangoni akisubiri mtu arudi kutoka kwenye matope. Kutoka mlangoni kwetu hadi lami ni karibu kiasi kwamba mgeni mkianza kumsindikiza, kabla hamjamaliza habari za watoto mmeshafika.

Naliweka hili wazi mapema, kwa kuwa mengine yote yanatoka hapo. Sisi wawili hatukuwa na tope tena.

Mtoto wetu mkubwa anafanya biashara ya mbao. Anaishi Iringa mjini, ana mashine za kupasulia magogo msituni, na siku zake nyingi huzimalizia kwenye njia ambazo lori likipita mara moja baada ya mvua hugeuka mifereji. Mama yake alipoanza kuumwa mgongo tulidhani ni uzee. Hospitali kubwa ya Mbeya ikatuambia ugonjwa uko kwenye damu na umeshaingia kwenye mifupa ya uti wa mgongo, na kwamba itampasa awe anakwenda kutundikiwa dawa kila mwezi bila kukosa. Daktari alilirudia lile neno, bila kukosa, akinitazama mimi. Nilipompigia simu mwanangu alilia. Ninalisema hili ili msomaji asije akamwona kuwa hana moyo. Alilia kwa sauti, mtu mzima mwenye ndevu, kisha akajifuta na kusema, "Baba, mama hatapanda mabasi. Naleta gari."

Na kweli akaleta. Gari kubwa jeusi, lenye safu tatu za viti, refu kwenda juu hata ikabidi mke wangu awekewe kigoda ndipo apande. Alikuwa amelivalisha matairi mapya ya kashata, yale mapana yenye meno makubwa ya kung'ata tope na mawe, ambayo wauzaji husema ni ya kila aina ya njia. Alinizungusha gari zima akiyapiga teke moja moja.

"Baba, tairi hizi ukiingia nazo kwenye tope, tope lenyewe linakupisha."

"Tope liko wapi, mwanangu?"

"Ah, Baba. Si unaijua nchi yetu? Leo lami, kesho shimo."

Mama yake alikuwa amekaa barazani na shuka magotini. Akasema, "Basi vizuri. Tutakuwa tunaenda Mbeya kwa kukatiza mashambani." Tukacheka wote watatu. Kila mzazi anajua furaha ya kuletewa kitu na mtoto wake, na siku ile sikuona zaidi ya furaha hiyo. Mwanangu alimletea mama yake kitu ambacho yeye mwenyewe, kule msituni, angekipenda kuliko vyote.

Jumapili iliyofuata gari lilipelekwa kanisani. Kwetu kitu kikubwa hakianzi kazi kabla hakijaletwa mbele za Mungu, iwe nyumba, iwe mashine ya kusaga, hata ng'ombe wa maziwa nimewahi kumwona akisimamishwa uwanjani akipakwa mafuta huku akila majani ya mapambo. Baada ya ibada washarika wakatoka nje. Kina mama wakatandika vitenge vyao chini kuanzia lango hadi mbele ya ngazi za kanisa, na gari likapita juu yake taratibu katikati ya vigelegele. Mchungaji akalizunguka akiweka mkono kwenye boneti na kwenye milango, kisha akainama, akaweka mkono juu ya kila tairi, akiomba yasiteleze wala yasipasuke, na kwamba yambebe mama yetu aende mzima na arudi mzima. Watu wakaitikia amina. Mwanangu alikuja na wenzake wa biashara ya mbao, na simu zao zilikuwa juu zikipiga picha. Kina mama walipookota vitenge vilikuwa vimechapwa alama za kashata. Mmoja akasema chake hakifui, atakitunza hivyo hivyo.

Safari ya kwanza tuliianza alfajiri. Niwaeleze wasiowahi kupanda gari la namna ile. Likienda polepole unasikia sauti kama ya nyuki walio mbali. Ukiongeza mwendo, nyuki wanasogea. Ukifika mwendo wa barabara kuu, mzinga wote umo ndani ya gari pamoja nanyi. Na si sauti peke yake. Matairi yale yametengenezwa magumu ubavuni ili jiwe lisiyachane, na meno yake ni magumu ili yakishika yasiteleze. Kwenye tope ugumu ule ni neema. Kwenye lami kila jino linagonga, jingine linafuata, na kugonga huko kunapanda kwenye chuma, kunaingia kwenye kiti, na anayekaa kitini anakupokea kwa mgongo. Mtu mzima wa afya anazoea, baada ya muda hata hasikii. Mke wangu mifupa yake ilikuwa imeliwa na ugonjwa.

Kutoka Makambako kushuka kuelekea Igawa malori ya mizigo yamekandamiza lami ikafanya mifereji miwili, na gari lilikuwa linavutwa huku na huku. Kila tulipokaribia kijiji kulikuwa na yale matuta madogo yanayofuatana. Nilimtazama kwenye kioo. Alikuwa ameshika mshikio wa juu ya mlango kwa mikono yote miwili na amefumba macho. Nikamuuliza kitu, hakunisikia. Akajibu kitu, nami sikumsikia. Tulipofika Uyole blauzi yake ilikuwa imelowa jasho, na Uyole ni kwenye baridi. Pale hospitali nesi alimlaza kwanza kabla ya kumtundikia dawa.

Kesho yake, nyumbani kwa mdogo wake wa kike tulikokuwa tunafikia pale Mbeya, mke wangu akaniambia, "Baba, ugonjwa naubeba. Hilo gari ndilo linanipiga."

Nilikwenda kwa fundi wa matairi Mafinga. Ni kijana mwenye maneno mengi, ananijua tangu nilipomfundisha kipaimara. Alilitazama gari, akanitazama mimi, akacheka hadi akashika kiuno.

"Mwinjilisti! Umevaa buti za jeshi halafu unaingia nazo kitandani?"

"Nisaidie, usinicheke."

"Sikucheki, Mzee wangu. Mnaenda wapi na hili?"

"Mbeya. Hospitali."

"Na shambani?"

"Shamba liko nyuma ya nyumba."

Akapunguza upepo kidogo ili tuone. Safari iliyofuata gari lilikuwa zito kama limebeba saruji, likala mafuta kupita kawaida, na kwenye kona liliyumba hata mke wangu akashikwa na kichefuchefu. Tukarudisha upepo. Fundi akasema hakuna namna, niweke matairi ya lami, na kwamba yale ya kashata watu wa msituni watayagombania, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

Nikampigia mwanangu. Nilimwambia kwa upole, maana gari lilikuwa bado na jina lake kwenye kadi na matairi alinunua yeye. Akasema ni mazoea. Akasema makali yake yakiisha yatatulia. Akasema ameyatafuta kwa shida na wenzake wote wanayatamani. Mwisho akasema, "Na Mchungaji ameyaombea mbele ya kanisa zima, Baba. Leo tukiyavua, watu watasemaje?"

Mvua zilipoanza nikaelewa jambo jingine, nalo naliandika kwa uchungu. Pikapu yake ya kubebea mbao ilikuwa inakwama msituni, na ikikwama alikuja kuchukua gari la mama yake. Alilitumia siku nzima, pengine na ya pili, akalirudisha limepakwa tope jekundu hadi madirishani, anacheka, anasema, "Baba, hii mashine!" Mke wangu alisimama mlangoni akiegemea fimbo, akalitazama.

"Haya," akasema. "Angalau tairi zimepata tope lao."

Mwanangu akacheka sana. Alidhani mama yake anasifia.

Basi la abiria likawa ndilo jibu, na lilitoka kwa mke wangu mwenyewe. Siku moja aliamka akavaa, akachukua mto na kitenge, akasema, "Mimi leo napanda basi." Nikamkumbusha maneno ya mtoto kwamba mama hatapanda mabasi. Akasema, "Huyo mtoto apande yeye hilo tingatinga. Basi lina matairi laini na kiti kinalala." Lakini mjini Mbeya gari lilihitajika, kwa sababu akitoka kwenye dawa hawezi kuhangaika na bajaji, na mwendo wa mjini ulikuwa wa polepole, aliuvumilia. Kukodi gari dogo kutoka Mafinga, liende, lilale, lirudi, pensheni ya mwinjilisti haikutosha. Kwa hiyo tukafanya lile lililofanyika. Yeye alipanda basi, akakaa kiti cha mbele nyuma ya dereva. Mimi nikafuata nyuma na gari kubwa jeusi, viti vya safu tatu vitupu, nyuki wakinivumia masikioni kutoka Nyororo hadi Uyole.

Aliniambia baadaye yaliyosemwa humo. Konda, aliyetuzoea tangu kabla ya gari, alimuuliza, "Mama, leo Mzee hayupo?"

"Yupo."

"Wapi?"

"Geuka nyuma. Gari lile jeusi."

Basi zima likageuka. Konda akasema, "Ee! Mama, mmegombana?"

"Hatujagombana. Ananisindikiza."

"Kwa hiyo una gari kama la mkuu wa mkoa na umepanda na sisi?"

"Mwanangu," akamwambia, "wewe ukiwa na viatu vizuri vinavyokubana, hutembei peku?"

Abiria walicheka hadi Makambako, na mwanamke mmoja akampa mahindi ya kuchemsha. Aliponisimulia alikuwa anacheka, na kwa miezi kadhaa ile ilikuwa safari yetu. Watu wa barabarani wakaizoea. Pale basi liliposimama kwa chakula, mimi nilisimama nyuma yake, nikamshusha mke wangu chini ya macho ya abiria, nikampeleka msalani, nikamrudisha kwenye basi. Wako waliopiga picha. Mwanangu alionyeshwa moja, akanipigia kwa hasira. "Baba, mnanidhalilisha. Watu wanasema nimemnunulia mama gari la maonyesho." Nilimwambia, "Mwanangu, wanasema wanachokiona." Akakata simu.

Kisha daktari akatukataza basi. Kinga ya mwili wake ilikuwa imeshuka sana kwa sababu ya dawa, na kikohozi cha mtu mmoja kingeweza kumlaza. Mke wangu akauliza kama akijifunika pua itatosha. Daktari akasema haitatosha, tuje na gari letu, kwani lile alilotuona nalo pale nje lina kasoro gani?

Mwezi uliofuata siku ya safari ilipofika alikuwa kitandani amegeukia ukutani. Akasema, "Mwezi huu nipumzike."

Nilipiga magoti kando ya kitanda nikaomba, naye akaitikia amina, lakini hakuinuka kitandani. Sikumlaumu. Nilikuwa nimeona mikono yake ikishika ule mshikio.

Nikaitisha kikao cha familia. Alikuja mwanangu, akaja dada yangu, na mzee mmoja wa kanisa kama shahidi, ndivyo desturi yetu. Mke wangu hakutoka chumbani, lakini mlango aliuacha wazi. Nilieleza kwa maneno machache kwamba mama amekosa dawa mwezi mmoja, na sababu ni matairi.

Dada yangu akasema, "Kaka, matairi tu? Si yavuliwe leo?"

Mwanangu akasema, "Shangazi, mimi sikatai. Nasema tusubiri mvua ziishe. Nina mzigo wa mbao msituni, na gari hilo ndilo pekee linaloingia."

"Kwa hiyo gari ni la mama yako au la mbao?"

"Shangazi, usiniweke hivyo. Nani amelipa hospitali?"

Na ni kweli, alikuwa analipa yeye.

Mzee wa kanisa akakohoa. Akasema kitu kilichowekewa mkono na mtumishi wa Mungu mbele ya washarika si vyema kukivua kienyeji, aulizwe kwanza Mchungaji. Nikaenda kumuuliza Mchungaji. Nimewahubiria watu kwa muda mrefu na najua maombi hayakai kwenye mpira. Hilo nililijua hata siku ile. Lakini niliuliza, kwa utaratibu, na Mchungaji alinikaribisha chai ofisini mwake pale kanisani, akasema maneno mazuri juu ya subira ya mama, kisha akasema, "Mwinjilisti, tuende taratibu. Tusimvunje moyo mtoaji." Juu ya vichwa vyetu bati za kanisa zilikuwa zinang'aa, mpya kabisa, na wote wawili tulijua nani aliyezitoa. Nilimaliza chai yangu nikaaga.

Mwezi wa pili ukapita bila dawa. Wakati ule watu waliokuja kutujulia hali waliniambia nina subira ya ajabu. Nilikuwa nikisikia neno hilo kama mtu anayepewa pole.

Nikauza ng'ombe. Sikumuuliza mtu. Nikaenda Mafinga na lile gari, nikamwambia fundi aniwekee matairi ya lami, laini kabisa aliyonayo. Alikuwa anafungua nati anaimba. "Hatimaye Mwinjilisti anavua buti!" Yale ya zamani, pamoja na la spea, nikayapakia nyuma nikayaweka ghalani, kwa kuwa hayakuwa mali yangu ya kuuza. Habari ilimfikia mwanangu kabla sijafika nyumbani. Simu ikaita nikiwa bado barabarani.

"Baba, umenivua nguo mbele za watu."

Nikamwambia, "Njoo umpeleke mama yako Mbeya, kisha tuzungumze habari za nguo." Hakuja.

Sasa nifike kwenye safari ile, ndiyo iliyonifanya niandike.

Tuliondoka kulipokucha. Gari lilikuwa limetulia, mpaka nikadhani injini imezimika. Tulipita Nyororo, tukapita Makambako kwenye upepo wake mkali, na ndani kulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia funguo zikigongana kwenye swichi. Mke wangu akasema kutoka kiti cha nyuma, bila kupaza sauti, "Kumbe unaimba?"

"Naimba nini?"

"Unaimba puani. Unaimba wimbo wa kuzikia."

"Siujui hata ni upi."

"Badilisha basi. Sijafa."

Nikacheka, nikabadilisha. Tukazungumza. Tulizungumza habari za kuku, habari za binti yetu mdogo, na kama mdogo wake pale Mbeya atakuwa ameacha kutia chumvi nyingi. Tangu gari lile lije hatukuwa tumezungumza njiani hata mara moja. Nilimshukuru Mungu moyoni nikahesabu kwamba tumeshinda, dawa itaendelea, na mtoto hasira zake zitapoa.

Baada ya Igawa, pale barabara inapofika tambarare na ng'ombe wa wafugaji wa Usangu wanavuka, akanyamaza. Nilidhani amelala. Kisha nikasikia sauti ndogo. Ilikuja, ikakatika, ikaja tena. Nikatazama kwenye kioo. Alikuwa amefumba macho na anaguna, taratibu, kila alipovuta pumzi, bila tuta, bila shimo, barabara ikiwa nyoofu na gari likiteleza kama juu ya maji.

Nikasimamisha gari pembeni.

"Inauma?"

"Inauma."

"Hata kwa matairi haya?"

Akafumbua macho. "Ilikuwa inauma siku zote, Baba. Ila kule kwenye kelele niliguna nitakavyo."

Nilikaa nimeshika usukani. Ng'ombe walipita mbele yetu, mchungaji wao akainua fimbo kutusalimu, nami nikainua mkono. Halafu mke wangu akasema, "Zamani haikuwa kali hivi, lakini. Imezidi tangu nilipokaa bila dawa."

Tulipofika hospitali, daktari alipiga picha za mgongo, akatuita chumbani. Ugonjwa ulikuwa umepanda. Katika ile miezi miwili ya kukosa dawa ulipata nafasi, ukapanda mfupa kwa mfupa. Akauliza kwa nini tulikosa. Nilifungua mdomo. Mke wangu akaniwahi, akasema, "Mimi ndiye nilichoka, Daktari."

Tulirudi nyumbani kwa ukimya ule ule wa matairi mapya. Akiwa nyuma amelazwa kwenye mito, akaniambia nimwahidi jambo. Akasema, "Usimwambie mtoto. Wala ile miezi imefanya nini, wala ninavyoguna. Mimi nitabeba muda mfupi. Yeye akijua atabeba maisha yake yote." Nikamwahidi. Tulikuta ghala liko wazi na matairi ya kashata hayapo. Jirani akasema mwanangu alikuja mchana na pikapu, akayapakia, akaondoka kurudi msituni.

Mungu alimtwaa mke wangu kabla ya mvua nyingine. Namshukuru kwamba alimtwaa akiwa nyumbani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Mwanangu aligharamia msiba wote, na alizika kwa heshima, sina la kusema juu ya hilo. Siku ya kuanua matanga wanaukoo walikaa uani, na katika mazungumzo mtu mmoja akataja gari, akasema lilimsaidia sana marehemu. Mwanangu alikuwa amechoka na macho yake yalikuwa mekundu. Akasema mbele ya wote, "Ndiyo. Lakini waliona matairi yangu hayafai. Wakaweka mengine. Ikawaje?"

Watu wakanitazama, wakisubiri nijibu. Dada yangu alitaka kusema kitu, nikamshika mkono. Nikatazama chini, nikasema, "Tumshukuru Mungu kwa yote," na wote wakaitikia amina, na yeye pia.

Hadi leo nimenyamaza kwake. Akija Krismasi ananiletea sukari na mafuta, ananiuliza afya, nami namwambia nipo. Ananipenda, na bado anaamini kwamba baba yake alimwaibisha bure. Kuna asubuhi nyingine namwomba Mungu aniondolee uchungu huu, na nyingine namwomba tu anipe nguvu ya kuutunza mdomoni nisiuteme kwa mwanangu. Maombi hayo ya pili amekuwa akiyajibu. Ya kwanza bado nasubiri.

Wewe uliyeketi ukasoma hadi hapa, Mungu akubariki nyumbani mwako na njiani mwako. Akujalie watoto wanaouliza kabla ya kutoa, na wazazi wanaothubutu kusema. Na aliyeketi nyuma yako safarini, akiumia, Bwana akupe kumsikia mapema. Amina.